Andika historia ya kiunga ulichokulia, ukianzia ukutani

Mwaka juzi binti yangu alirudi kutoka skuli na kazi ya nyumbani: andika historia ya mtaa unaoishi. Jioni nikamkuta keshajaza kurasa mbili. Nikazisoma. Sayyid Said na karafuu, jumba la Sultani la Beit al-Ajaib, soko la watumwa, milango ya nakshi. Nikamuuliza, "Mwanangu, sisi tunakaa wapi?"

"Fuoni, baba."

"Na Fuoni iko wapi humu?"

Akaniambia Fuoni haina historia. Ameitafuta kwenye simu, haimo.

Mimi ni fundi uashi. Nyumba za Fuoni, Tomondo, Kwarara na Pangawe, viunga vya mji wa Zanzibar, nimezijenga, nimezibomoa na nimezipandisha sakafu zaidi ya nnavyoweza kuzihesabu, na kila ukuta nnaougonga huwa una maneno yake. Nikamwambia kesho baada ya Alasiri tunatoka, achukue daftari na kalamu ya risasi. Tulitoka siku moja, ikawa miezi minne. Yafuatayo ndiyo tuliyojifunza, na mtu yeyote aliyekulia nje ya mji anaweza kuyafanya kwao, Unguja au Pemba.

Kwanza neno lenyewe. Wazee waliita kiunga shamba la miti lililo karibu na mji, na wakaita kiunga vilevile pembe ya mji inakoishia mitaa. Lugha ilijua tangu zamani kwamba hivyo viwili vitakutana. Kazi yako ni kutafuta siku gani shamba liligeuka mtaa, na nani alikuwapo.

Simama nje ya nyumba moja

Usianze na kitabu. Anza na nyumba uliyolelewa, au ya bibi, au ya jirani aliyetangulia kuhamia. Chukua futi na pima maji kama unayo. Kama huna, macho yanatosha.

Tazama mlango wa mbele. Unapanda kuingia au unashuka? Nyumbani kwetu, nilipokuwa mdogo, tulipanda ngazi mbili kufika barazani. Leo unashuka moja. Watu husema nyumba imezama. Nyumba haikuzama, barabara ndiyo iliyopanda: kila mwaka wanamwaga kifusi juu ya kifusi, na kila kifusi kinasukuma maji kwenye mlango wa aliyejenga mwanzo. Kwa hiyo ukiona nyumba ipo chini ya njia, andika kwamba huyo ni katika wa mwanzo. Aliyejenga juzi yuko juu, ana kozi tano za msingi na karo mpya, na maji yake yanateremka kwako.

Kisha zunguka nyuma utafute mshono. Nyumba zetu hazijengwi kwa pigo moja. Chumba kimoja leo, kimoja akioza binti, choo cha ndani akirudi mtoto kutoka Omani. Ukuta wa pili unapokuja kuegemea wa kwanza, matofali hayafungani, panabaki ufa ulionyooka kutoka chini mpaka juu, hata upige plasta vipi utarudi. Ufuate kwa kidole. Upande mmoja ni mwaka mmoja, upande wa pili ni mwaka mwingine. Nyumba ya baba ina mishono mitatu. Jiko la uani ni mawe na udongo, boriti za mikoko, kiambaza cha kupakwa kwa mkono. Humo ndimo tulimohamia 1986 kutoka Jang'ombe, tulikokuwa watu tisa kwenye vyumba viwili vya kukodi. Vyumba viwili vya kati ni matofali ya kalibu ya mkono. Ukumbi wa mbele na baraza ni matofali ya kununua. Plasta ilipigwa 2004, na niliipiga mimi.

Chukua msumari ukwaruze tofali mahali pasipoonekana. Tofali la vyumba vya kati kwetu linatoka unga kama sukari guru. Baba aliniambia simenti ilikuwa ya kutafuta kwa tochi, basi mfuko mmoja uliotakiwa kutoa matofali arobaini yeye aliutoa sitini. Unga ule kwenye kucha ni ushahidi wa uchumi wa nchi wa miaka ile. Binti yangu aliandika sentensi moja tu hapo: "Ukuta wa chumba changu una njaa." Nimemwachia.

Karatasi ya minazi

Sasa omba karatasi za nyumba. Omba kwa adabu, na muombe mwenyewe, si mdogo wake. Katika familia nyingi karatasi ziko ndani ya sanduku chini ya kitanda, zimefungwa na kanga.

Hati ya baba ni ya 1983, nusu ukurasa, imeandikwa kwa mkono, ina mhuri wa tawi la chama. Isome kwa makini, kwa sababu haitaji kiwanja hata mara moja. Inasema ameuziwa minazi sita na mwembe mmoja. Mashariki mpaka mkarafuu uliokatika kichwa, magharibi njia ya ng'ombe, kusini bonde, kaskazini mnazi wa saba ambao si katika mauzo.

Nilipokuwa kijana nikidhani mzee alitapeliwa. Nani ananunua minazi sita ili ajenge nyumba? Kumbe ndivyo ilivyokuwa. Baada ya Mapinduzi ya 1964 ardhi yote ikawa mali ya Serikali, na kuanzia 1965 wananchi wakagaiwa mashamba, eka tatu kila aliyepata, walime. Kuuza hawakuruhusiwa. Lakini mti ulikuwa na mwenyewe. Basi aliyepata eka tatu karibu na mji, mji ulipomfikia, aliuza miti. Pengine aliuza msingi: anapiga kozi mbili za mawe, anauza "jengo". Karatasi inasema minazi, na wote wawili wanajua ni nini kilichouzwa. Sheria ya Ardhi Namba 12 ya 1992 ilikuja kukuta mitaa mizima imeshasimama juu ya minazi ya namna hiyo.

Ndiyo maana vichochoro vyetu vimepinda. Hakuna aliyevichora, ni nafasi zilizobaki kati ya mti wa huyu na mti wa yule. Nenda sehemu zilizopimwa kwa viwanja, utaona njia imenyooka, nyumba zinatazamana. Ukitoka hapo hatua mia, ukaanza kukata kona kwenye kuta za watu, umeingia kwenye eka tatu ya mtu. Mpaka huo hauna kibao, ila miguu inaujua.

Ukipata karatasi, ipige picha mchana, kando ya dirisha, bila mwanga wa simu. Usiitie plastiki ya moto hata ukishauriwa. Nimeona hati ikigeuka nyeusi mikononi mwa kijana wa steshenari. Kisha chora ile miti kwenye karatasi safi na utoke nayo kuitafuta. Hata visiki viandike.

Uliza mti, usiulize mpaka

Hapa ndipo nilipoharibu. Mtu wa kwanza kumwendea alikuwa mzee mmoja aliyekuwapo Fuoni kabla yetu. Nikaenda na futi kiunoni, karatasi kwapani, binti nyuma na daftari. Nikasalimu, nikauliza: "Mzee wangu, shamba lako lilikuwa likiishia wapi?" Akanitazama futi, akanitazama uso. "Mimi sijui kitu, mwanangu. Muulize sheha." Akaingia ndani. Siku tatu baadaye nikasikia mtaani kwamba fundi anapima viwanja vya watu.

Nikakaa wiki mbili. Nikarudi bila futi, baada ya Alasiri, na boflo nne za moto. Tukanywa chai barazani. Nikamuuliza mwembe uliokuwa hapa njiapanda ulikuwa wa embe gani. Akacheka. "Boribo muyuni! Hakukuwa na mwengine kama ule mpaka Tunguu." Kutoka kwenye embe akaingia kwa aliyeupanda mwembe, kwa aliyeukata, kwa gari ya shamba iliyokuwa ikigeuzia chini yake, kwa nyumba ya kwanza kuwekwa bati. Maghrib ikaadhiniwa bado anasema. Binti alijaza kurasa kumi na moja.

Mipaka ina kesi. Miti haina, maana mingi imeshakufa.

Miaka nayo usiiulize moja kwa moja. Ukimwuliza mtu alihamia mwaka gani atakutajia wowote ili umwache. Muulize alihamia zama za nani. Mzee Karume mpaka 1972, Jumbe mpaka 1984, Mwinyi mwaka na kidogo, Wakil mpaka 1990, Komandoo Salmin Amour mpaka 2000. Hapo hakosei mtu. Kisha bana: kabla au baada ya televisheni ya rangi, ambayo ni 1973? Kabla au baada ya umeme kuletwa kwa waya wa baharini kutoka bara, 1980? Na kwa wale wa karibuni, mtoto huyu alizaliwa ule mwaka wa giza? Kiza kile cha kisiwa kizima cha 2008, na kile kirefu zaidi kilichoanza Disemba 2009 kikatuvusha mpaka Machi 2010, kila mama aliyejifungua kwa taa ya kandili anakikumbuka mpaka tarehe.

Na tafadhali usiishie kwa wanaume. Wanaume walinunua ardhi, kwa hiyo wanakumbuka miti, bei na mashahidi. Wanawake ndio waliolima mpunga, kwa hiyo wanakumbuka maji.

Hili nililipa kwa fedha zangu. Masika moja, usiku wa manane, nilishusha mguu kitandani nikakanyaga maji. Ndoo inaelea, viatu vinaelea, kuku wapo juu ya kabati. Asubuhi tunakumba maji kwa karai, akapita bibi mmoja jirani, mtu mzima sana, anajitegemeza kwa bakora. Akasimama. "Mwanangu, hapo hasa ulipolala wewe ndipo tulipokuwa tukivuna. Mpunga mpaka kifuani, maji mpaka magotini. Baba yako alikuja kununua na jua la kaskazi, pakavu kama ganda. Hakutuuliza."

Hakutuuliza. Miaka ishirini baba alimwaga mchanga mle ndani akidhani ni msingi mbovu, na mimi fundi mzima nilimuunga mkono. Neno "bonde" lilikuwamo kwenye hati, upande wa kusini. Sasa kabla sijapiga msingi wa mtu, naomba kuonyeshwa bibi wa karibu.

Majina, makaburi

Andika majina yote ya mitaa ya karibu na uyatafune moja moja. Mengine ni miti: Michenzani, Mikunguni, Miembeni, na wale ndugu wote wa Mwembe, Mwembetanga, Mwembeladu, Mwembemakumbi, Mwembeshauri. Mengine ni maji: Mtoni, Kijito Upele, Fuoni Kibondeni. Anayejenga Kibondeni akashangaa mafuriko namwonea huruma, lakini nusu tu. Meli Nne na Meli Tano ni maili za kutoka mjini, na zinakwambia kwamba palipokuwa hapana jina la kutosha palihesabiwa kwa umbali kutoka kwa wenye mji.

Makaburi yanafaa kuliko ramani. Mji huzika nje yake. Ukiyakuta makaburi yamezungukwa na maduka na daladala, kama Mwanakwerekwe, ujue hapo palikuwa mwisho siku yalipoanzwa, na mji umeyapita ukaenda zake.

Historia kubwa, kwa kijiko

Sasa ndiyo utie tarehe za vitabuni, na utie kidogo. Wengi wanamwaga sufuria nzima, ukimaliza kusoma umejua Sultani alikula nini, ila hujui kisima cha mtaa kilichimbwa na nani.

Linalotosha ni hili. Kiunga cha kwanza cha mji wetu ni Ng'ambo yenyewe. Iliitwa hivyo kwa kuwa ilikuwa ng'ambo ya mkono wa bahari uliopita Darajani, ambao baadaye ukafukiwa. Mji Mkongwe upande mmoja kwa mawe, Ng'ambo upande wa pili kwa udongo na makuti. Waingereza waliletewa mpango wa mji na Lanchester, mtaalamu wa kupanga miji, 1923. Mwaka 1928 wapangaji wa Ng'ambo waligoma kulipa kodi ya ardhi kwa wenye mashamba, kwa hiyo ugomvi wa nyumba ya mtu kusimama juu ya ardhi ya mwengine si wa leo. Baada ya Mapinduzi wakaja Wajerumani wa Mashariki, majumba ya Kikwajuni na Kilimani, kisha yale marefu ya Michenzani. Wachina wakatayarisha mpango mwingine 1982. Mipango yote hiyo ilikuwa na mistari iliyonyooka. Watu nao wakawa wanakuja wenyewe, na hati za minazi mfukoni.

Matokeo yake yapo kwenye sensa. Ile ya 2012 ilihesabu watu 223,033 Wilaya ya Mjini na 370,645 Wilaya ya Magharibi: kiunga kimeupita mji. Ya 2022 ilikuta Mkoa wa Mjini Magharibi una watu 893,169 katika Wazanzibari 1,889,773.

Binti aliniuliza kama kwa wenzetu ni hivyo hivyo. Tukasoma habari za Levittown, karibu na New York, iliyoanza kujengwa 1947. Kampuni moja ilinunua mashamba ya viazi, ikamwaga jamvi moja baada ya jingine, mafundi wakigawana kazi: huyu anapiga misumari tu, yule anapaka rangi nyeupe tu, wanahama nyumba hadi nyumba. Kazi ikipamba moto walimaliza nyumba 30 kwa siku, na mpaka 1951 zilikuwa zaidi ya 17,000. Serikali ikadhamini mikopo, askari waliorudi vitani wakahamia na magari yao. Na mkataba ukakataza asiye mzungu kukaa humo. Mimi fundi nilisoma ile 30 mara mbili. Nyumba moja ya baba yangu ilichukua miaka 19 tangu msingi wa 1985 mpaka plasta. Lakini hapana aliyemuuliza rangi yake, na hakudaiwa na benki hata siku moja. Deni lake lilikuwa dukani, la misumari.

Jiandike na wewe

Watu wanaona aibu sehemu hii, wanaandika "watoto walicheza" kana kwamba wao hawakuwapo. Kaa chini uandike ulikuwa ukipita wapi kwenda skuli. Njia hiyo, ukiichora leo, itakatizwa na nyumba kumi, na kila nyumba ni tarehe.

Yangu ilipita kwenye misingi. Fuoni ya utoto wangu ilikuwa misingi mingi kuliko nyumba: kozi tatu zimesimama, nyasi ndani, mwenyewe yuko mjini anatafuta simenti. Tulicheza kibe humo, mchezo wa kujificha na kutafutana. Tulijua misingi yote kwa wenyewe, wa mwalimu, wa baharia, wa bibi harusi aliyeachwa, na tuliomba Mungu isiendelee. Ikipanda kozi ya nne tunanuna, kiwanja kimekwenda.

Nilisoma mjini. Asubuhi gari ya shamba, ubao mgumu, magunia ya mihogo miguuni. Skuli waliniita wa shamba kwa ajili ya udongo mwekundu kwenye soksi. Sikukuu tukienda Makunduchi kwa upande wa mama, binamu zangu waliniita wa mjini kwa kuwa sikuweza kupanda mnazi. Nimekua hivyo, mjini si wangu, shamba si langu. Andika na hilo kwenye daftari, maana aliyekulia Mkunazini hana, na aliyekulia Makunduchi hana.

Picha za juu, na nyaraka

Mwisho ndiyo uende kwenye mashine. Kwenye Google Earth kuna sehemu ya kurudisha picha za miaka ya nyuma. Rudi polepole utazame mabati yakipungua na kijani kikiongezeka. Pia kuanzia 2016 Kamisheni ya Ardhi na Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar walirusha ndege ndogo zisizo na rubani juu ya visiwa, na picha zake zimewekwa wazi kwa umma. Zinaonyesha mpaka tangi la maji juu ya paa. Ramani na mafaili ya zamani yapo kwenye Nyaraka za Zanzibar, Kilimani. Nenda na kitambulisho, barua ya utambulisho, na jina la mahali kama lilivyoandikwa zamani. Ukienda Kilimani kabla ya kunywa chai na wazee hutajua hata uulize nini, nimewaona vijana wakirudi na picha ya Beit al-Ajaib.

Sisi tulikuwa na ile karatasi ya minazi. Katika sita, mitatu baba aliikata mwenyewe akapata boriti na nafasi ya ukumbi. Mmoja ulipigwa na radi. Mmoja kisiki chake kipo chini ya karo letu. Nilikigonga kwa sururu nikichimba. Mwembe ulikuwa ule ule wa boribo muyuni, kumbe ulikuwa wetu. Wa sita binti ndiye aliyeupata, kwa kuhesabu hatua kutoka njia ya ng'ombe, ambayo sasa ni njia ya bodaboda. Upo hai, mrefu, ndani ya ua wa jirani.

Akabisha hodi, akamwonyesha picha ya hati kwenye simu. Jirani akavaa miwani, akaisoma yote mpaka mhuri.

"Ni kweli, mnazi wa babu yako," akasema. "Lakini nazi zinaangukia kwangu."

Tukapewa mbili.